Jangwa Lililonunuliwa kwa Kura

Mjini Phoenix, jimbo la Arizona, mlima wenye jina ni Camelback. Kila mgeni anataka kuupanda, na katika miezi ya baridi magari hugombea maegesho machache ya Echo Canyon, inapoanzia njia, tangu alfajiri. Njia yenyewe haifiki kilomita mbili hadi kileleni, ila ni mwinuko mkali wa mawe, na mahali pengine mtu hupanda kwa kushika vyuma. Wengi huuanza jua limeshapanda, na kichupa kimoja cha maji mkononi.

Joto la huko halina mzaha. Mwaka 2023 Phoenix ilipitia siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi, na kaunti ya Maricopa ikahesabu vifo 645 vilivyohusishwa na joto, karibu nusu vikiwa vya watu wasio na makazi. Tangu 2021 jiji hufunga njia za Camelback na za mlima mwingine, Piestewa Peak, saa za mchana kila linapotolewa onyo la joto kali. Mwanzoni zilifungwa saa tano, baadaye zikaanza kufungwa mapema zaidi asubuhi. Ni uamuzi wa haki. Lakini anayefungiwa lango aonyeshwe pia pa kwenda, saa ya kwenda na wa kwenda nao.

Pa kwenda papo. Kaskazini-mashariki, mjini Scottsdale, ipo hifadhi ya McDowell Sonoran: zaidi ya ekari 30,000 na njia za miguu zinazozidi kilomita 320, bila kiingilio. Haikudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 1995 wakazi walipiga kura kujitoza kodi ya mauzo ya senti 20 kwa kila dola 100 ili ardhi hiyo inunuliwe kabla wajenzi wa nyumba hawajaifikia. Mwaka 2004 wakaongeza senti 15. Mwaka 2018, ulipokuja mpango wa kujenga kituo cha wageni ndani yake, walipitisha kwa kura kwamba ujenzi wa namna hiyo usifanyike bila ridhaa yao. Walifanya vyema kabisa.

Upande wa Brown's Ranch katika hifadhi hiyo, palipokuwa na ranchi ya ng'ombe, njia nyingi ni tambarare na watu ni wachache. Wenyeji wanaojitolea huongoza matembezi ya bure, na anayetembea nao huona asichokiona mpandaji mwenye haraka. Chini ya mti wa palo verde kiongozi huinama na kuonyesha saguaro changa, dungusi linaloishi kwenye kivuli cha mti huo. Katika miaka minane ya kwanza halizidi sentimita 4. Tawi la kwanza huchukua miaka 50 au zaidi. Mtu akishaambiwa hivyo, huangalia anapokanyaga. Kifaa cha lazima huko ni kitana. Vipande vya cholla, dungusi lingine, hunasa kwenye nguo na ngozi kwa miiba yenye vijino, na mkono ukivigusa nao hunaswa. Kitana hupenyezwa kati ya kipande na ngozi, kisha kipande kikafyatuliwa mbali.

Wapo watakaosema kwamba kutangaza njia tulivu ni kuziua. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana makundi yanapaswa kuwa madogo na yenye kiongozi.

Kuna wanaostahili kufikiriwa kwanza. Phoenix ni makazi ya familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, baadhi zikizungumza Kiswahili nyumbani, nazo hulipa kodi dukani kama wengine. Asiye na gari hana njia rahisi ya kufika hifadhini. Basi dogo la Jumamosi alfajiri, kuanzia Novemba hadi Machi, likiwa na kiongozi anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwamba maji yakifika nusu ni wakati wa kugeuza, halitakuwa ghali kama helikopta ya uokoaji. Miji ya bonde la Phoenix ianze nalo msimu ujao.