Lugha ya Nyumbani Si Ugonjwa

Mwaka 2001 Saida Karoli, msanii wa Bukoba, aliimba kwa Kihaya na Kiswahili katika albamu ya Maria Salome, na nchi nzima ikaitikia. Wengi waliomshangilia hawakujua Kihaya, wala hawakumtaka aache lugha yake kwanza ndipo wamsikilize. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutumia upya wimbo wake katika kibao walichokiita Salome. Lugha ya migombani ilikuwa imepita mipaka bila kuomba radhi.

Kliniki za watoto zina la kujifunza hapo. Mama wa Kashozi anapomleta mtoto wa miaka mitatu asiyezungumza, huweza kukutana na moja ya makosa mawili. La kwanza ni kuambiwa aache Kihaya nyumbani, eti lugha mbili zimemchanganya mtoto. La pili ni kuambiwa asubiri, kwa kuwa watoto wa lugha mbili huchelewa kusema. Ushauri wote huo hutolewa kwa nia njema, na wote si sahihi.

Lugha mbili hazisababishi usonji wala kigugumizi. Hata kwa watoto wenye usonji, tafiti hazijaonyesha kwamba kukua na lugha mbili kunawadhuru. Kumwondolea mtoto Kihaya, kwa upande mwingine, kuna gharama: bibi anayemlea hunyamaza, nyimbo za kumbembeleza hukoma, na mama hubaki akizungumza Kiswahili cha kuungaunga. Mtoto aliyehitaji maneno mengi zaidi huishia kupata machache.

Kusubiri nako kuna hatari. Mtoto asiyebwabwaja kufikia miezi 12, asiye na neno lolote kufikia miezi 16, au asiyeunganisha maneno mawili kufikia miezi 24, anahitaji uchunguzi. Anayepoteza maneno aliyokuwa nayo anauhitaji mara moja, awe na umri wowote. Uchunguzi uanze na usikivu wa masikio. Maneno yake yahesabiwe katika lugha zote: mwenye maneno 20 ya Kihaya na 10 ya Kiswahili hana upungufu wa Kiswahili tu, ana maneno 30 ya kuanzia.

Baada ya uchunguzi huja swali gumu zaidi: je, familia iseme? Wahudumu wa afya hupenda methali isemayo kuwa mficha maradhi, kilio kitamfichua. Methali hiyo humlaumu anayeficha, lakini haimuulizi anayesikia atafanya nini na habari hiyo. Palipo na minong'ono ya laana au uchawi, kuficha si ujinga. Ni njia ya mzazi kumkinga mwanawe.

Mfano wa mbali unasaidia. Mwaka 2022 mwimbaji wa Scotland, Lewis Capaldi, alieleza hadharani kwamba ana hali ya Tourette, ambayo humfanya mtu atikisike au atoe sauti bila hiari. Hali hiyo kwa kawaida huanza utotoni, huwa na chimbuko katika ubongo na urithi, na haitokani na malezi mabaya. Juni 2023, katika tamasha la Glastonbury nchini Uingereza, mwili wake ulimzuia kuendelea kuimba. Umati ukaupokea wimbo na kuumaliza kwa niaba yake. Akapumzika, na mwaka 2025 akarejea kwenye tamasha lile lile. Uwazi wake ulihitaji ujasiri, lakini ulizaa matunda kwa sababu ulipokelewa na watu waliojua kuitikia.

Hapa inafaa tahadhari. Saida Karoli hatajwi katika makala haya kama mwenye hali yoyote ya namna hiyo, na hakuna mtaalamu mwenye haki ya kumpima msanii kwa kumtazama jukwaani. Siri ya hali ya mtu ni yake. Kazi ya tiba si kuwalazimisha watu wajitangaze, bali kuondoa sababu za kuogopa.

Sababu hizo huondolewa kwa mambo madogo. Muuguzi amsalimie mtoto kwa lugha ya nyumbani kwake, au amwombe bibi amsalimie. Aulize mtoto anapenda nini kabla ya kuuliza anashindwa nini. Mwenye kigugumizi apewe nafasi ya kuimba: wengi wao huimba bila kukwama, na hilo huwaonyesha wao na wazazi wao kwamba sauti ipo. Kuimba hakuponyi kigugumizi, ila humrudishia mtoto heshima mbele ya wenzake. Mwalimu naye aelezwe, kwa ridhaa ya mzazi, kwamba mtoto anayetikisika darasani hafanyi utundu, na asichapwe kwa jambo asiloliweza kulizuia.

Taifa zima liliwahi kuisikiliza Bukoba ikiimba kwa lugha yake. Mtoto wa Kashozi anayesema kwa namna yake anastahili usikivu ule ule, naye haombi umati: anahitaji mama, mwalimu na muuguzi mmoja wanaomngoja amalize sentensi yake.