Kitunguu na Urefu wa Mchana

Shamba la vitunguu linapotoa majani mengi na shingo nene pasipo tunguu, lawama huangukia udongo, mbolea au mvua. Yafaa kwanza kuuliza: je, mbegu hiyo ilikusudiwa mchana wa saa ngapi?

Kitunguu hupima urefu wa mchana kwa majani yake. Aina za mchana mrefu, zilimwazo Ulaya ya kaskazini, huanza kufanya tunguu mchana ufikapo saa 14 au zaidi. Mjini London mchana wa Juni hupita saa 16. Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, hauzidi saa 12 na nusu mwezi wowote. Huko aina hizo huishia majani. Aina za mchana mfupi, kama vile Red Creole na Bombay Red, hutosheka na saa 11 hadi 12, nazo ndizo zimfaazo mkulima wa biashara.

Kwa hiyo si haki mbegu iuzwe kwa picha nzuri tu. Kila pakiti haina budi kuonyesha urefu wa mchana unaotakiwa, kwani kosa hili halirekebishwi kwa mbolea wala kwa maji, na hugunduliwa msimu ukiwa umekwisha kupotea.

Shule nazo zaweza kusaidia. Matuta mawili yenye udongo na maji sawa, kila moja na aina yake ya mbegu, yatawaonyesha wanafunzi na wazazi wao jinsi latitudo inavyoamua mavuno.