Panya Ndani ya Nyumba: Je, Mtego wa Umeme Unafaa?

Mwezi huu tumeona tuzungumze habari ambayo wengi wetu huona aibu kuitaja mbele ya wageni, nayo ni habari ya panya. Hakuna mama anayependa jirani ajue kwamba usiku jikoni kwake panya wanacheza ngoma juu ya sufuria. Lakini si kweli kwamba panya huingia kwa mama mchafu tu. Huingia hata katika nyumba inayopigwa deki kila siku, mradi kuna tundu la kupita na punje ya kula. Basi tuiweke aibu kando, tusaidiane.

JIONI TUSIYOISAHAU

Nyumba tutakayoieleza tunaifahamu vizuri, kwa sababu ni yetu wenyewe. Baada ya mavuno tuliingiza magunia ya mahindi stoo, na panya nao wakaingia. Wakatoboa gunia, wakatafuna sabuni, wakakata shuka la mtoto. Baba wa nyumba akasema, "Mama, nunua sumu tu, mambo yaishe." Tukanunua kwa mchuuzi aliyekuwa akipita mtaani. Ilikuwa unga mweusi uliofungwa katika kipande cha karatasi kisicho na jina wala maelezo. Tuliupaka kwenye kitumbua, tukakisukuma nyuma ya gunia, tukaamini kwamba hakuna mkono wa mtoto utakaofika huko.

Ulifika. Siku ya tatu, jioni, mtoto wetu wa miaka miwili alitoka stoo ameshika kile kitumbua, na midomo yake ina weusi. Tulimfuta na kumsafisha kinywa, tukambeba mgongoni, tukakimbia hospitali. Daktari alituuliza swali moja: "Mama, ni sumu gani?" Hatukuwa na jibu. Karatasi tuliitupa, na hata kama tungekuwa nayo haikuandikwa kitu.

Ndipo tulipofundishwa jambo ambalo tulipaswa kulijua mapema. Sumu za panya si za aina moja. Ziko zinazozuia damu isigande, na hizo zina dawa yake, yaani vitamini K. Ziko nyingine zinazotoa gesi ya sumu zikifika tumboni, na hizo hazina dawa ya kuzizimua. Mgonjwa husaidiwa tu mwili wake upambane. Daktari asipojua jina la sumu, hutibu kama mtu anayetembea gizani.

Tulikesha kando ya kitanda tukiomba. Mtoto alikuwa ameonja tu, hakumeza sana, na asubuhi aliamka akidai uji. Tulimshukuru Mungu kwa machozi. Siku hiyo hiyo tulimpelekea bwana afya sumu yote iliyobaki, tukaamua kwamba nyumba yetu itatafuta njia nyingine.

MTEGO WA UMEME NI NINI?

Njia hiyo tuliipata kwa wifi yetu, aliyetuletea mtego wa umeme. Siku hizi mitego hii huuzwa katika baadhi ya maduka makubwa na katika maduka ya mtandaoni. Ni kisanduku cha plastiki chenye mlango mdogo upande mmoja. Sakafuni mwake kuna mabamba ya chuma, na ule wa panya wadogo kwa kawaida hutumia betri 4 ndogo za AA, kama zile za saa ya ukutani. Chambo huwekwa mwisho kabisa wa kisanduku. Panya akiingia na kukanyaga mabamba mawili kwa pamoja, mwili wake unaunganisha njia ya umeme, naye hupigwa kwa nguvu ya volti elfu kadhaa kwa sekunde chache. Hufa upesi. Kisha taa ndogo humulika kukujulisha kwamba kuna mzoga ndani.

Faida zake tumeziona. Hakuna sumu. Panya hafii darini akatunukia wiki nzima, kama afanyavyo aliyekula sumu ya kuzuia damu, ambayo huchukua siku kadhaa kumwua. Hakuna kiumbe anayelia usiku kucha kwenye gundi. Hata panya ni kiumbe, akina mama. Ikiwa ni lazima tumwondoe, basi tumwondoe bila kumtesa. Tena kwa kuwa mtego hutumia betri, umeme ukikatika unaendelea na kazi yake.

MAKOSA TULIYOFANYA

Tusiwafiche, wiki ya kwanza hatukupata hata panya mmoja. Usiku wa kwanza tuliuweka katikati ya jiko. Panya hapendi kupita mahali peupe. Hutembea akiegemea ukuta. Usiku wa pili tuliuweka penye ukuta, lakini tulijaza siagi ya karanga kijiko kizima, ikachuruzika mpaka mlangoni, na panya akala akiwa nje. Usiku wa tatu tulisahau kuuwasha.

Baadaye tulijifunza. Mtego ukae sambamba na ukuta, mlango wake ukielekea njia ya panya. Njia hiyo mtaijua kwa vinyesi vyake, na kwa alama za uchafu anazoacha ukutani anapopita kila siku. Chambo kiwe kidogo tu kama punje ya harage: siagi ya karanga, au kipande cha dagaa. Betri ziwe nzima, za alkalini, kwa sababu zile hafifu hushtua panya bila kumwua, na panya aliyeshtuliwa huenda asirudi tena. Angalieni pia ukubwa wa mtego. Ule wa panya wadogo haumtoshi panya mkubwa wa darini.

Tulipofuata hayo, tulipata panya 5 kwa muda wa siku 9. Tulifurahi mno. Kisha kukawa kimya, na wiki ya tatu tukasikia tena mtu anakwaruza stoo. Tulishangaa, mpaka baba wa nyumba alipolala kifudifudi na tochi akaona mwanga wa nje ukiingia chini ya mlango wa uani. Kumbe sisi tulikuwa tunaua panya mmoja mmoja, na mlango unakaribisha wengine.

TUNDU LA UNENE WA PENSELI

Akina mama, hapa ndipo penye kazi yenyewe. Panya mdogo wa nyumbani hupita katika nafasi ya milimita 6, yaani unene wa penseli. Jike hubeba mimba kwa siku 20 hivi, huzaa watoto 5 hadi 8 kwa mara moja, na watoto hao wakifika wiki 6 nao wanaweza kuanza kushika mimba. Hakuna mtego wa umeme wala wa mbao utakaoshindana na uzazi wa namna hiyo ikiwa matundu yako wazi.

Sisi tulipigilia kipande cha bati chini ya mlango wa uani. Bomba la sinki linapopita ukutani tulisokomeza stilwaya ya kusugulia sufuria, kisha tukapaka saruji juu, maana panya hutafuna mbao na plastiki nyembamba lakini stilwaya humchoma meno. Magunia tuliyainua juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta. Unga, karanga na dagaa tukaviweka katika madebe yenye mifuniko. Vyombo vya jioni haviachwi mpaka asubuhi, na makombo ya chini ya meza hufagiliwa kabla ya sala ya usiku. Mtego tukauacha kazini, na safari hii ulipokamata wawili wa mwisho, kimya kilichofuata kilidumu.

TAHADHARI

Kwanza, mtego huu nao si kitu cha kuchezea. Uwekwe pale ambapo mkono wa mtoto haufiki, wala mtoto wa mbwa au wa paka hawezi kuingiza pua. Mingi hujizima mfuniko ukifunguliwa, lakini msitegemee hilo. Zimeni swichi kila mnapotoa mzoga. Usioshwe kwa maji, wala usiwekwe penye majimaji. Futeni kwa kitambaa kikavu.

Pili, na hili tunalisema kwa uzito: asiwepo mtu wa kujitengenezea mtego kwa kuvuta nyaya kutoka soketi ya ukutani. Kisanduku cha dukani kina umeme mdogo wa betri na kimefungwa. Waya ulio wazi wa umeme wa ukutani unaua binadamu. Mtoto anayeamka usiku kutafuta maji hatauona.

Tatu, kuna vifaa vingine vya kuchomeka ukutani vinavyosifiwa kwamba vinafukuza panya kwa sauti ambayo binadamu haisikii. Msikimbilie kutoa fedha. Mwaka 2001 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivyo, ikiwaonya kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi.

Nne, mzoga usishikwe kwa mkono mtupu. Vaeni glavu au mfuko wa plastiki mkononi, mtupeni mapema, kisha mnawe kwa sabuni. Panya akifa viroboto wake humwacha wakatafuta mwili mwingine, na ndio waletao tauni. Wenzetu wa Wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, wanajua; tauni iliingia huko mwaka 1980 ikawasumbua kwa zaidi ya miaka 20. Mkojo wa panya nao una hatari yake. Mwezi wa Julai 2022 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kwamba ugonjwa uliozuka Ruangwa, Mkoa wa Lindi, na kuua watu 3, ulikuwa homa ya mgunda, ambayo huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Kwa hiyo msifagie vinyesi vikavu vikapeperuka vumbi. Nyunyizeni maji yenye dawa ya klorini, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za maji, subirini dakika 5, ndipo mfute.

Na kama bado mnayo sumu nyumbani, iwe katika pakiti yake yenye jina, mahali palipofungwa kwa kufuli. Mtoto akiila, msimlazimishe kutapika wala kumpa maziwa. Chukueni pakiti, mkimbilie hospitali.

NA MAMA ASIYE NA FEDHA?

Tunajua swali hili litaulizwa, na ni halali. Mtego wa umeme una bei kubwa kuliko ule wa mbao wa kufyatua, tena unakula betri. Mama asijione ameachwa. Mtego wa mbao ukitegwa vizuri kando ya ukuta, mahali ambapo vidole vya watoto havifiki, huua upesi vilevile. Na stilwaya, kipande cha bati na debe lenye mfuniko havihitaji fedha nyingi. Katika kikundi chetu cha akina mama tulichanga tukanunua mtego mmoja wa umeme, nao huzunguka nyumba kwa nyumba, kila mama akikaa nao wiki mbili na kununua betri zake. Hakuna aliyekosa zamu, na aibu ya kuwa na panya imetutoka wote.

Maandiko hayakuona jambo hili kuwa dogo mno. Katika Mambo ya Walawi sura ya 11 panya ametajwa kwa jina, na aya zinazofuata zinaeleza vyombo vifanyweje mzoga wa mnyama wa namna hiyo ukiviangukia. Na katika Wimbo Ulio Bora sura ya 2 wanatajwa mbweha, tena wadogo, kwamba ndio waharibifu wa shamba la mizabibu. Sisi tuliwadharau panya wadogo, tukatafuta njia ya mkato ili mambo yaishe upesi, na nusura yaishe na mtoto wetu.

Basi leo jioni, watoto wakishalala, chukueni tochi na penseli, mzunguke nyumba yote. Kila penseli inapopita, wekeni alama. Kesho mwambieni baba wa nyumba kwa upole, alete nyundo na saruji.

Mungu awalinde ninyi, waume zenu na watoto wenu. Tukutane mwezi ujao, Bwana akipenda.