Mifupa Haijui Vakansi



Kila mwaka iko vile vile. Tangu Septemba mpaka Pasaka kiwanja ni cha wavulana, sisi wasichana tunapita kando na ndoo zetu. Kisha mashindano yanakaribia, wanatuita: mbio asubuhi, handiboli magaribi, siku sita kwa juma, majuma matano. Mashindano yakiisha, mipira inarudi kabatini na ufunguo unaingia mfukoni mwa mtu.

Hatuandike juu ya vikombe. Tunaandika juu ya mifupa.

Wengi wanafikiri kama mfupa ni sawa na nguzo ya nyumba, ukisha kusimamishwa basi. Hapana. Mfupa una uhai, kila siku mwili unabomoa kidogo na kujenga kidogo. Mtu akiruka na kuanguka juu ya miguu yake, mfupa unasikia kile kishindo na unaongeza kalsiyumu. Wengine watasema: munabeba maji na kuni, haitoshi? Kubeba ni kazi, hatukatae, lakini mfupa unapenda kishindo.

Tena kuna wakati wake. Ndani ya miaka miwili hivi ya kukua mbio, msichana anaweka karibu robo ya madini yote ya mifupa atakayokuwa nayo akiwa mama mzima. Huko Finlandi, mwaka 1995, waganga walipima wanawake wachezaji wa tenisi. Mkono unaoshika raketi ulikuwa na mfupa mzito kuliko mwingine, na tofauti ilizidi sana kwa wale walioanza mbele ya kuona mwezi ao wakati ule ule. Basi wadogo wetu wa mwaka wa kwanza, wasiochaguliwa kamwe kwa ekipe, wao ndio wangepaswa kuruka. Wanakaa chini ya mti na kutazama.

Na majuma matano ni nini? Mahali pamoja pa mfupa, kubomoa na kujenga kunaomba miezi mitatu, mine, hata zaidi. Ukikimbiza mtu aliyekaa bule miezi saba, kubomoa kunatangulia, kujenga hakujafika. Mwenzetu mmoja aliumwa muundi wa mguu wakati wa mazoezi, wakamwambia ni uvivu. Alicheza nao. Kisha radio ikaonyesha ufa. Wale wasichana wa jimnastiki katika universite za Marekani nao walipimwa: miezi ya mazoezi mifupa iliongezeka, miezi ya kupumzika ikapungua.

Neno lingine tunaliandika kwa haya kidogo. Wako wenzetu ambao, kwa mazoezi mengi na chai kavu tumboni, wanapitisha miezi mitatu bila kuona siku zao, na wanafurahi kama wamepona usumbufu. Si kupona. Chakula kikiwa kidogo kuliko kazi, mwili unapunguza estrojeni, ile homoni inayolinda mfupa. Tangu 1984 waganga wameandika kama wanamichezo wa namna hii wana uti wa mgongo mwepesi kuliko wenzao. Dada, ukiona hivyo, mwambie mama wa internati, usingoje. Na wewe mwalimu wa michezo, usituambie tena kama mwenye njaa anakimbia vizuri.

Tunaomba nini? Robo saa ya kuruka kamba, siku ya kwanza, ya tatu na ya tano, mwaka mzima, darasa zote, na wadogo pia. Mbio ziongezwe pole pole, si kwa siku moja. Bugali mbele ya mazoezi, na ndagala ziliwe na mifupa yao, humo ndimo kalsiyumu iko. Hakuna makuta ya kutafuta kwa hiyo.

Kamba tumekwisha kusokota, ziko sita. Bwana Prefe, imebaki kiwanja, na ufunguo wa kabati.