Uchambuzi: Nani anakagua lakiri za makontena yasiyoonekana?

Mfanyabiashara wa mtaa wa Asiatique, mjini Bujumbura, hahitaji kufundishwa maana ya lakiri. Shehena yake hutoka katika bandari ya Dar es Salaam ikiwa imefungwa na kutiwa lakiri, kisha husafirishwa kwa barabara hadi mpaka wa Kobero, au kwa reli hadi Kigoma na kuvushwa Ziwa Tanganyika. Lakiri ikifika imekatika, haitoshi kuambiwa kwamba mzigo ni mzima. Atauliza ni nani aliyeifungua, wapi, na kwa idhini ya nani.

Swali hilo hilo linaulizwa sasa katika ulimwengu wa kompyuta, nalo linamhusu mfanyabiashara huyo zaidi ya anavyodhani. Kote duniani, huduma za kutuma fedha kwa simu, kuagiza bidhaa na kutunza hesabu zinazidi kuhamia kwenye kile kinachoitwa wingu, yaani seva za kukodi zilizo mbali na mtumiaji. Ndani ya wingu hilo, programu nazo husafirishwa kwa makontena.

Jina hilo halikuja kwa bahati. Zamani, programu iliyofanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya mtunzi wake iliweza kugoma ikihamishiwa kwenye seva nyingine, kwa kuwa vitu ilivyovitegemea havikuwapo huko. Docker, iliyotolewa hadharani Machi 2013, ilieneza utaratibu wa kuifunga programu pamoja na vyote inavyohitaji, ili popote itakapotua ifanye kazi vile vile.

Mwaka uliofuata kampuni ya Google ilitoa Kubernetes, mfumo unaoongoza maelfu ya makontena ya aina hiyo: huamua lipi liwekwe wapi, na likianguka moja, huliweka jingine mahali pake. Neno hilo ni la Kigiriki, na maana yake ni mshika usukani wa chombo. Mwaka 2015 Google iliukabidhi mfumo huo kwa taasisi ya CNCF, iliyo chini ya Linux Foundation, ili usiwe mali ya kampuni moja.

Kubernetes ni programu huria. Msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuutumia bila malipo na kupendekeza marekebisho. Hapo ndipo ilipo nguvu yake, na hapo pia ndipo unapoanzia udhaifu wake.

Bawabu mmoja, mlango wa wengi

Miongoni mwa programu zilizotumiwa sana pamoja na Kubernetes ni ile iitwayo Ingress NGINX. Kazi yake ni ya bawabu: hupokea maombi yanayotoka kwenye intaneti na kuyaelekeza kwenye kontena linalohusika. Machi 2025, kampuni ya usalama ya Wiz ilitangaza kasoro kadhaa ndani yake ambazo zingeweza kumpa mvamizi asiye na neno la siri mamlaka juu ya mfumo mzima. Kampuni hiyo ilikadiria kwamba zaidi ya asilimia 40 ya mazingira ya wingu yalikuwa hatarini. Kasoro hizo zilizibwa.

Lakini Novemba mwaka huo huo, jumuiya ya Kubernetes ilitangaza kwamba Ingress NGINX ingestaafishwa na matengenezo yake kukoma Machi 2026. Sababu haikuwa kukosa watumiaji. Kwa miaka mingi kazi ya kuiendeleza ilifanywa na mtu mmoja au wawili tu, kwa muda wao wenyewe, baada ya saa za kazi na mwisho wa juma. Makampuni mengi yalipita katika mlango huo kila siku, lakini juhudi za kupata watu wa kumpokea bawabu zamu hazikufanikiwa.

Maana yake kwa mtumiaji ni nzito. Programu iliyostaafishwa haizimiki. Huendelea kufanya kazi kama jana, ila tundu jipya likigunduliwa hakuna wa kuliziba. Asiyefuatilia habari hizo ataona kila kitu ni shwari hadi siku ya kuvamiwa.

Wakazi wa Bujumbura wanajua gharama ya wengi kutegemea paa moja. Soko kuu la mji lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013, maelfu ya wafanyabiashara walipoteza riziki kwa siku moja, hata wale ambao vibanda vyao vilikuwa mbali na moto ulipoanzia. Programu inayotumiwa na wengi huwa na hatari ya namna hiyo: cheche moja huwafikia wasiojuana.

Mgeni aliyeaminiwa

Hatari ya pili hutoka kwa anayekaribishwa. Tangu mwaka 2021, mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa akichangia marekebisho katika XZ, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Msimamizi wake alikuwa mtu mmoja aliyejitolea, naye alikuwa amelemewa. Taratibu mgeni huyo akapata imani, kisha akapewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Mwaka 2024 akaingiza ndani yake mlango wa siri ambao ungemwezesha aliyeutengeneza kuingia kwenye seva bila ruhusa.

Mpango huo ulifichuliwa tarehe 29 Machi 2024 na mhandisi Andres Freund, aliyekuwa akifanyia majaribio jambo jingine kabisa. Aligundua kwamba kuingia kwenye kompyuta yake kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, akaamua kutafuta sababu. Hadi leo mwenye jina la Jia Tan hajatambuliwa hadharani.

Kisa hicho husomwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema kinathibitisha kwamba programu huria si salama, kwa kuwa kila mtu anaruhusiwa kuigusa. Wengine hujibu kwamba kama msimbo usingekuwa wazi, Freund asingeweza kuufuatilia mlango huo hadi kuufichua. Pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Uwazi hutoa nafasi ya kukagua, lakini haumleti mkaguzi. Lazima awepo mtu mwenye ujuzi, muda na sababu ya kutazama.

Hatari ya tatu haina ujanja wowote: ni kufuli lililosahauliwa. Februari 2018 ilibainika kwamba ukurasa wa kusimamia Kubernetes wa kampuni ya magari ya Tesla ulikuwa umeachwa bila neno la siri. Wavamizi waliingia na kutumia kompyuta za kampuni hiyo kuchimba sarafu za kidijitali. Programu yenyewe haikuwa na kosa. Aliyeifunga ndiye aliyeacha mlango wazi.

Daftari la mzigo

Dawa zinazopendekezwa zinafanana sana na taratibu za bandarini. Ya kwanza ni sahihi ya kidijitali, ambayo ndiyo lakiri ya kontena la programu. Mradi wa Sigstore, ulioanzishwa mwaka 2021, huwawezesha watunzi kutia sahihi hiyo bila malipo, na mpokeaji kuthibitisha kwamba alichopokea ndicho kilichotumwa.

Ya pili ni orodha ya viungo vyote vilivyomo ndani ya programu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kasoro inapotangazwa, mwenye orodha hujua kwa dakika chache kama anahusika. Asiye nayo huanza kupekua ghala zima.

Ya tatu ni sheria. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya ustahimilivu wa mitandao iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024, na ambayo masharti yake makuu yatatekelezwa kuanzia Desemba 2027. Inaweka wajibu wa usalama kwa anayeuza bidhaa yenye programu ndani yake, badala ya kumtwisha aliyejitolea kuandika msimbo bila malipo. Muuzaji hawezi tena kujitetea kwa kusema kiungo kibovu alikiokota kwenye intaneti.

Nafasi ya Afrika Mashariki

Kwa Burundi na majirani zake, umbali ni sehemu ya tatizo. Kampuni tatu kubwa za wingu za Marekani zilipofungua vituo vikuu barani Afrika, zilichagua Afrika Kusini: Microsoft mwaka 2019, Amazon mwaka 2020 na Google mwaka 2024. Nyaya za baharini zilipokatika Mei 2024, intaneti ilidorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Aliyeweka daftari lake lote upande wa pili wa nyaya hizo alibaki akisubiri.

Hata hivyo, eneo hili si mteja tu. Mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, OpenMRS, ulianza kutumika Eldoret nchini Kenya mwaka 2006, na wahandisi wa Afrika Mashariki wamekuwa miongoni mwa waliouendeleza. Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa pia na wizara ya afya ya Burundi, una vikundi vya wataalamu nchini Tanzania, Uganda na Rwanda. Mifano hiyo inaonyesha kwamba anayeshiriki katika kutunza programu hupata vitu viwili: hujua kilichomo ndani yake, na husikilizwa anapoomba marekebisho.

Kwa hiyo suala kubwa kwa wafanyabiashara wa Asiatique, na kwa mabenki na ofisi wanazozitegemea, si kuchagua kati ya programu ya bure na ya kulipia. Ni kumuuliza anayewauzia huduma maswali ya kawaida ya biashara. Je, anayo orodha ya viungo vya mfumo wake? Nani huthibitisha sahihi kabla kontena halijafunguliwa? Kiungo kikistaafishwa, kitabadilishwa kwa muda gani? Nakala ya daftari iko wapi iwapo mawasiliano yatakatika?

Vyuo na serikali za eneo hili navyo vina swali lao. Kila mwaka vijana hufundishwa kutumia zana hizi. Ni wachache wanaolipwa kuzikagua na kuzirekebisha. Wakati bawabu wa mlango wa dunia nzima anaondoka kwa kuchoka, kumsomesha na kumlipa mkaguzi wa nyumbani ni gharama ndogo kuliko hasara ya mzigo uliofika huku lakiri imekatika na hakuna aliyetazama.