Saratani ya Damu kwa Watoto: Ulaya Imefanikiwa kwa Umoja, Si kwa Fedha Tu



Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo nimelifuatilia kwa miaka mingi, nalo ni jinsi hospitali na vituo vya utafiti vya Ulaya vinavyoshirikiana katika kutibu saratani ya damu kwa watoto.

Kwanza niseme wazi kuwa mimi si daktari. Ni mwalimu mstaafu. Mwaka 1978 nilikuwa nafundisha darasa la tatu. Mmoja wa wanafunzi wangu, mtoto mchangamfu sana, alianza kupauka, akawa anachoka upesi, na damu zikawa zinamtoka puani mara kwa mara. Wazazi wake walihangaika naye huku na huko. Hatimaye tuliambiwa ni saratani ya damu na kwamba hakuna la kufanya. Hazikupita wiki nyingi tukamzika. Tangu siku hiyo kila nikiona habari ya ugonjwa huo huisoma hadi mwisho.

Hivi karibuni tulikuwa barazani tukizungumza habari hizo. Mwenzangu mmoja akasema, "Watoto wa Ulaya wanapona kwa sababu wenzetu wana fedha na dawa mpya. Sisi tutafanya nini?" Wengi waliitikia. Mimi nilipinga, na ndiyo sababu ya kuandika barua hii. Naona jibu hilo ni rahisi mno, tena ni la hatari, kwa sababu linatufanya tukae tukisubiri fedha wakati somo lenyewe liko mbele ya macho yetu.

Tuanze na dawa. Daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani, ndiye aliyeonyesha mwaka 1948 kwamba dawa iitwayo aminopterini inaweza kuurudisha nyuma ugonjwa huu kwa muda. Watoto wale walipata nafuu ya wiki au miezi, kisha ugonjwa ukarudi. Baada ya hapo zilifuata dawa nyingine, na mpaka miaka ya 1970 karibu dawa zote ambazo ndizo msingi wa matibabu hata leo zilikuwa zimekwisha patikana. Moja wapo ni vinkristini, ambayo hutokana na lile ua dogo la asili ya Madagaska, jeupe au la rangi ya waridi, tunalolipanda mbele ya nyumba zetu. Mbele ya darasa langu lilikuwako. Watoto walilimwagilia kila asubuhi, na yule mwanafunzi wangu alikuwa mmoja wao.

Sasa wananchi wajiulize. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, hata katika nchi tajiri, hawakufikia 10 kati ya 100 watoto walioupona ugonjwa huu. Leo katika nchi hizo, kwa ile aina inayowapata watoto wengi zaidi, wanapona karibu 90 kati ya 100. Ikiwa dawa za msingi ni zile zile, kitu gani kilibadilika? Kilichobadilika zaidi ni mpangilio: dawa ipi ianze, ipi ifuate, kwa kipimo gani, kwa muda gani, na kwa mtoto yupi. Mambo hayo hayagunduliwi na mtu mmoja chumbani mwake. Hugunduliwa kwa kuwatibu watoto wengi kwa mpango mmoja, kuandika kila kitu, na kuhesabu kwa uaminifu waliopona na waliokufa.

Huko Berlin Magharibi, mwaka 1970, Profesa Hansjörg Riehm alianza mpango wa kutumia dawa nyingi kwa nguvu tangu mwanzo. Zaidi ya nusu ya watoto wake walipona, jambo ambalo wakati ule lilishangaza wengi. Hakujifungia na ushindi wake. Mwaka 1976 hospitali za Frankfurt na Münster zilijiunga naye, na kutokana na majina ya miji hiyo mitatu likapatikana jina la kundi linalojulikana mpaka leo kama BFM. Mwaka 1987 kundi hilo likawa la kimataifa. Ugonjwa huu haukujua ukuta wa Berlin. Madaktari wa Ujerumani Mashariki, tangu mwaka 1981, walitibu watoto wao kwa mpango uliojengwa juu ya ule wa Magharibi. Wakati wakubwa wa kisiasa walikuwa wakielekezeana makombora, madaktari walipelekeana karatasi za matibabu.

Na hapa ndipo ninapomjibu mwenzangu wa barazani. Mwaka ule tulipomzika mwanafunzi wangu, mpango wa Riehm ulikuwa umekwisha fanya kazi kwa miaka minane. Sisemi kwamba ungeweza kuletwa kwetu kesho yake, kwani unahitaji maabara, damu ya kuongezea na wauguzi waliofundishwa. Ninachosema ni kwamba maneno "hakuna la kufanya" hayakuwa kweli duniani mwaka ule. Yalikuwa kweli kwetu tu.

Pengine msomaji atauliza, kwa nini nchi tajiri zilazimike kushirikiana? Jibu ni kwamba saratani ya damu kwa watoto, namshukuru Mungu, si ugonjwa wa watu wengi. Nchi kama Denmark hupata watoto wapya kama 40 tu kwa mwaka. Iceland hupata wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ukitaka kujua kama mpango mpya ni bora kuliko wa zamani, na wa zamani tayari unaponya 90 kati ya 100, unahitaji mamia na maelfu ya watoto ili uone tofauti ya kweli na si ya bahati. Denmark peke yake ingesubiri miaka mingi sana kupata jibu moja. Ndiyo maana nchi za Kaskazini ya Ulaya ziliungana, baadaye Estonia na Lithuania zikaingia, na tangu mwaka 2020 zimo pamoja na Uingereza, Ireland, Uholanzi, Ubelgiji, Ufaransa, Ureno na sehemu ya Ujerumani katika mpango mmoja mkubwa uitwao ALLTogether. Kuna wakuu wa hospitali waliokuwa na mpango wao wa miaka mingi, wenye sifa yake na fahari yake, nao wakakubali kuuweka kando. Hilo si dogo. Sote tunajua ilivyo vigumu kwa mkubwa kukubali njia ya mwenzake.

Wengine hudhani utafiti maana yake ni kuongeza dawa kila siku. La hasha. Faida kubwa mojawapo ya ushirikiano huu ni kujua lini ipunguzwe. Zamani watoto wengi walipigwa mionzi kichwani ili ugonjwa usijifiche kwenye ubongo. Waliopona wengine walibaki na matatizo ya kusoma na ya kukua. Uholanzi ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuthubutu kuiacha mionzi hiyo, na leo Ulaya ni watoto wachache tu wanaoipata. Tena siku hizi kuna kipimo cha kutafuta mabaki ya ugonjwa ndani ya uboho wa mifupa, ambacho huweza kuona chembe moja ya saratani kati ya chembe 10,000. Kwa kipimo hicho Waingereza, katika utafiti wao ulioanza mwaka 2003, waliwagawa kwa kura watoto na vijana 521 ambao mabaki yao yalikuwa yamekwisha: nusu wapate duru mbili za dawa kali, nusu duru moja. Matokeo hayakuonyesha kwamba duru moja ni mbaya kuliko mbili. Kwa hiyo maelfu ya watoto wanaofuata wameepushwa na sumu ya bure. Huo nao ni uponyaji.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa watoto wachanga wasiotimiza mwaka mmoja. Kwao ugonjwa huu ni mkali sana, na kila nchi hupata wachache mno. Hivyo ulianzishwa mpango wa pamoja ulioitwa Interfant. Kati ya mwaka 1999 na 2005 watoto wachanga 482 waliandikishwa. Matokeo hayakufurahisha: baada ya miaka minne, chini ya nusu ndio walioendelea bila ugonjwa kurudi wala janga jingine. Mpango wa pili, ulioanza mwaka 2006, nao haukuleta nafuu ya maana. Watu wa haraka wangesema kazi imeharibika. Lakini wao waliyaandika yote na kuyatunza. Mwaka 2023, wakiongozwa kutoka kituo cha Princess Máxima kilichoko Utrecht, Uholanzi, walitangaza kwamba walikuwa wamewapa watoto 30 dawa mpya, blinatumomabu, juu ya matibabu ya kawaida. Dawa hiyo ni kama kamba yenye ndoana mbili: moja hushika chembe ya saratani na nyingine hushika askari wa mwili, ili askari amkute adui. Baada ya miaka miwili, 93 kati ya kila 100 walikuwa hai, ambapo kabla ya hapo walikuwa kama 66. Watoto 30 tu! Wasingeweza kujua maana ya matokeo hayo kama wasingekuwa na daftari la wale waliotangulia, wakiwemo wale waliokufa. Kumbe hata kushindwa kulikotunzwa vizuri ni mali.

Isidhaniwe kwamba nawasifu Wazungu tu. Ulaya nayo ina kasoro zake, na ni vizuri kuzitaja. Sheria ya majaribio ya dawa ya mwaka 2001, iliyokusudiwa kuwalinda wagonjwa, ilizaa urasimu mkubwa. Hospitali iliyotaka kufanya utafiti katika nchi kumi ililazimika kubisha hodi kwenye ofisi za nchi kumi. Ombi moja kwa nchi zote za Umoja wa Ulaya lilianza kuwezekana mwaka 2022 tu, na wakati huo Uingereza ilikuwa imekwisha jitoa. Pia mtoto wa mashariki ya Ulaya bado hana nafasi sawa na wa magharibi, ingawa wanaishi katika bara moja.

Halafu kuna bei. Matibabu ya kuchukua askari wa mwili wa mgonjwa, kuwafundisha maabara na kuwarudisha, yaliruhusiwa Ulaya mwaka 2018, lakini yalipotoka Marekani mwaka mmoja kabla, kampuni iliyatoza dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Hata tajiri hapo hukuna kichwa. Huko Barcelona, Hospital Clínic ikishirikiana na hospitali ya watoto ya Sant Joan de Déu iliamua kutengeneza yake yenyewe, ikisaidiwa na michango ya wananchi iliyoanzishwa na mama wa binti mgonjwa. Mwaka 2021 serikali ya Hispania iliruhusu matibabu hayo kwa wagonjwa wa zaidi ya miaka 25, kwa gharama ndogo sana kuliko ya makampuni. Hivyo si lazima kila tiba itoke kiwandani kwa mfanyabiashara. Hospitali ya umma nayo inaweza.

Sisi tunapata somo gani? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana 400,000 hupatwa na saratani za kila aina kila mwaka. Katika nchi tajiri hupona zaidi ya 80 kati ya 100, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilijiwekea lengo la kufikisha angalau 60 ifikapo mwaka 2030. Muda uliobaki ni mfupi.

Lakini tusiseme haiwezekani. Tangu mwaka 1986 hospitali ya Monza, Italia, chini ya Profesa Giuseppe Masera, ilifunga udugu na hospitali ya La Mascota ya Managua, Nicaragua, nchi maskini iliyokuwa vitani. Hawakuanza na mashine za ajabu. Walifundisha madaktari na wauguzi, wakapeleka dawa za msingi, na wakaona kuwa watoto wengi hufa kwa sababu wazazi huacha matibabu kati kati kwa kukosa nauli na mahali pa kulala. Wakashughulikia nauli na malazi. Hapa kwetu Muhimbili nako kuna wodi ya watoto wenye saratani, ambako shirika la Tumaini la Maisha husaidia ili watoto watibiwe bila wazazi kudaiwa. Hiyo ndiyo njia.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kwanza, hospitali zetu za Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zifuate mpango mmoja wa matibabu unaolingana na uwezo wetu, badala ya kila moja kuwa na wake. Pili, kila mtoto aandikwe, na habari zake zifuatwe hata akirudi kijijini, hata akifariki. Tatu, nauli na malazi ya mzazi vihesabiwe kuwa sehemu ya dawa. Nne, waganga wa zahanati na walimu wafundishwe dalili zake: kupauka, homa zisizoisha, maumivu ya mifupa, michubuko na kutokwa damu ovyo.

Hakuna hata moja kati ya hayo manne linalohitaji mabilioni. Linalohitajika ni kukubaliana, na kukubaliana hakuuzwi dukani. Mimi mwaka 1978 sikujua dalili zile zina maana gani, na nilidhani mtoto ana uvivu wa kucheza. Mwalimu wa leo asiwe na udhuru huo.



Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu Mstaafu,
Morogoro.