Kabla hujaapgredi laptopu, muulize anayeitumia

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi, msinifikirie vibaya, risechi imenikaba koo. Leo nimeiba nusu saa niwaandikie jambo ambalo limesumbua watu wengi hapa hosteli, kuanzia wadogo zetu wa mwaka wa kwanza mpaka sisi wazee wa mwaka wa tatu: hii laptopu ya Windows 10 niipandishe iende Windows 11, au niiache kama ilivyo?

Wengine mtasema, sasa hilo nalo ni la kuandikia insha? Subirini kidogo. Hata mimi nilidhani ni swali la dakika tano. Lilinichukua karibu mwezi mzima, na mwisho wa siku si mimi niliyelijibu.

Nianze na habari yenyewe kwa wale ambao walikuwa wamelala. Windows 10 ilitoka Julai 2015. Ilipofika tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft wakaacha kuihudumia. Hiyo haina maana kwamba kompyuta zilizimika siku ile. Ziliwaka kama kawaida, Word ikafunguka, muvi zikacheza. Kilichokoma ni viraka vya usalama. Yaani tundu jipya likigunduliwa kwenye mfumo, hakuna anayekuja kuliziba. Ni kama nyumba ambayo fundi wake kahama mji. Haianguki kesho, ila siku bati likianza kuvuja utajijua mwenyewe.

Sasa laptopu yetu (nasema "yetu", nitaeleza) ni ya mtumba. Prosesa ni Intel ya kizazi cha 6, ramu GB 4, na hadidiski ni ile ya zamani ya kuzunguka, inalia kama panya kwenye gunia la mtama. Windows 11, ambayo ilitoka Oktoba 2021, kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 na kuendelea, karibu zote. Inataka pia chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, ramu isiyopungua GB 4 na nafasi ya GB 64. Kwenye ramu tunapenya kwa kubahatisha. Kwenye prosesa tumefeli, tena hakuna sapu.

Hapo ndipo mafundi wa mjini wanapoingia. Mnawajua, wale wa kukuambia "dogo, lete mashine, nusu saa tu inakuwa kumi na moja". Na kweli njia za kuruka ukaguzi zipo. Ila Microsoft wenyewe wamesema wazi kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina haki ya kudai apdeti. Kwa hiyo unaikimbia Windows 10 kwa sababu haina viraka, unakwenda kwenye Windows 11 ambayo viraka vyake ni hisani. Umefanya nini hapo?

Mwenzetu mmoja wa darasani alipeleka yake. Fundi hakuuliza kitu, akafomati, akaweka Windows ya kuchakachua, akadai chake. Jamaa anarudi chumbani, desktopu nyeupe pee! Majibu ya madodoso 120 aliyokuwa ameshayaingiza, yote yamekwenda. Nakala? Hana. Alikaa usiku nne akiingiza upya kutoka kwenye makaratasi, na karatasi nyingine alikuwa ameshazigawa zikafungie maandazi. Tulicheka, halafu tukanyamaza, maana kila mmoja alikumbuka kwamba na yeye hana nakala.

Nilijiambia basi, bora nikae kimya na Windows 10 yangu hadi nimalize chuo. Lakini na hilo nalo lina bei yake. Mei 2017 kulikuwa na kirusi kilichoitwa WannaCry. Kiliingia kompyuta za nchi nyingi kwa siku chache, kikafunga mafaili ya watu na kudai pesa, mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Tundu lililotumika Microsoft walikuwa wameliziba tangu Machi mwaka huohuo kwa mifumo waliyokuwa bado wanaihudumia. Walioumia ni wale ambao hawakuapdeti, pamoja na wenye mifumo iliyokwisha muda. Sisi hapa tunabadilishana flashi kama tunavyobadilishana chumvi, halafu tunasema virusi ni mambo ya Ulaya. Mwe!

Kwa hiyo kupanda kuna hatari na kubaki kuna hatari. Ndipo nikaanza kuelewa kwamba nimekosea swali. Nilikuwa nauliza "ipi ni mpya zaidi?" badala ya kuuliza "nani anaitumia, na kwa kazi gani?"

Hapa ndipo lazima niwaambie kuhusu rumimeti wangu. Haoni. Sote wawili tunajiita watoto wa Buigiri, ile ya kwetu Chamwino, kilomita 30 na kitu ukitoka mjini kwa barabara ya Morogoro. Mimi ni mzawa wa pale. Yeye aliletwa akiwa mdogo kutoka mkoa mwingine, kuja kusoma shule ya msingi ya wasioona, ile iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Utotoni tulionana Jumapili kanisani tu, basi. Tukaja kukutana tena hapa UDOM kwenye foleni ya kupanga vyumba, akanitambua kwa sauti kabla mimi sijamtambua kwa sura. Laptopu tulichanga, nusu bumu langu, nusu bumu lake. Ndiyo maana nasema yetu.

Na ukweli ni kwamba yeye anaihitaji kuliko mimi. Mimi nikikosa laptopu nachukua kitabu maktaba au natoa fotokopi. Yeye kila kitu lazima kipite kwenye NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo. Waliyoitengeneza ni Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran aliyeianza mwaka 2006 na mwenzake James Teh, kwa sababu programu za aina hiyo zilikuwa zinauzwa bei ambayo mtu wa kawaida haiwezi. Wao wakaitoa bure. NVDA inakwenda kwenye Windows, na kwenye Windows 11 inafanya kazi vizuri tu. Nikadhani basi, tatizo halipo.

Nilipomwambia mpango wangu wa kwenda kwa fundi, akaniuliza swali moja: "Na sauti ikigoma?"

Nikamwambia sauti si kitu, tutatafuta draiva.

Akacheka. "Kaka, kwako wewe sauti ikigoma unakosa muziki. Kwangu mimi kioo kimezimika."

Du! Nilikaa kimya. Kila aliyewahi kuweka Windows upya kwenye mashine ya zamani anajua kwamba sauti na intaneti ndivyo vitu vya kwanza kugoma. Mimi ningetumia macho kutafuta draiva. Yeye angekaa mbele ya mashine bubu, na kesho yake ana kazi ya kukusanya.

Akaendelea: "Nyie mkibadilishiwa mfumo mnabadilishiwa rangi ya ukuta. Mimi mnanihamishia mlango." Akanieleza jinsi anavyotembea ndani ya kompyuta, kwa kuhesabu. Anajua menyu fulani ni mshale wa chini mara ngapi, faili fulani ni herufi gani. Sasa Windows 11 ilipunguza ile menyu ya kubonyeza kulia, vitu vingi vikafichwa nyuma ya hatua moja ya ziada. Mimi ningelalamika siku mbili nikazoea. Yeye anaweza kujifunza pia, tena haraka kuniliko mimi, ila anataka ajifunze akiwa na nafasi, siyo katikati ya risechi.

Kumbukeni huyu mtu alijifunza kuandika kwa mashine ya Perkins. Ile ya chuma, nzito, ukiidondosha mguuni unakwenda zahanati. Ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, na mashine ya leo mtu wa miaka ile angekaa akaandika bila kufundishwa. Vitufe sita vya nukta, cha nafasi, cha kurudi nyuma, cha kushuka mstari, kwisha. Hakuna siku aliyeamka akakuta vitufe vimehamia katikati. Simaanishi kompyuta iwe kama Perkins, hiyo haiwezekani, Perkins haiingii intaneti. Ila mtu aliyekulia kwenye chombo kinachomheshimu namna ile ana haki ya kuuliza kwa nini hiki kingine kinabadilishwa, lini, na nani kaamua.

Wapo watakaosema, hamia Linux umalize ubishi. Tulijaribu, msidhani sisi washamba! Nilipakua Ubuntu kwenye flashi, tukaondoka nayo Jumamosi kwenda nyumbani Buigiri, mama akatupikia ugali na mlenda, tukakaa chini ya mbuyu na laptopu mapajani. Ukiiwasha kutoka kwenye flashi huhitaji kufuta kitu, unaonja tu. Ubuntu ina msomaji wake, Orca. Unabonyeza Alt na kitufe cha Windows pamoja na S, inaanza kuongea. Jamaa alitabasamu ilipoongea, akatembea humo ndani kama saa nzima, akaandika barua fupi, akaihifadhi. Halafu akafunga laptopu akasema: "Nzuri. Lakini si semista hii." Vifupisho vyake vya NVDA alivyovizoea miaka yote pale havipo kama alivyovizoea, na programu ya takwimu tunayotumia kwenye risechi tumefundishwa kwa Windows. Nikataka kubishana (mnanijua), nikakumbuka kwamba siyo mimi ninayehamishiwa mlango.

Basi uamuzi tuliofanya ni huu, na aliyeutoa ni yeye. Tumebaki Windows 10, ila siyo kubaki kwa uvivu. Kwanza tulijiandikisha kwenye ule mpango wa Microsoft wa viraka vya ziada, unaofika hadi 13 Oktoba 2026. Kwa watu binafsi bei yake ni dola 30, lakini ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwao, unapewa bila kulipa. Wanakupa viraka vya usalama tu, hakuna mapambo mapya, na sisi mapambo hatuyataki. Pili, tumetoa ile hadidiski ya panya tukaweka SSD. Jamani! Nawaambia, kama una pesa kidogo na unajiuliza uapgredi nini, anza na hiyo. Mashine ambayo tulikuwa tunaiwasha halafu tunakwenda kuoga, sasa inawaka kabla hujavua viatu. Tatu, kazi zote za risechi zina nakala mbili, moja kwenye flashi ambayo hatumwazimi mtu, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mkitaka flashi, ombeni nyingine.

Tukishakusanya risechi, ndipo tutakaa na Linux taratibu, au tutachanga tena tupate mashine inayokubali Windows 11 kihalali, kabla ya hiyo Oktoba kufika. Yeye ndiye atakayechagua, mimi nitabeba begi.

Ninachotaka kuwaambia wadau ni hiki. Tarehe ya Microsoft ni ya kuzingatiwa, tusiidharau. Lakini ile ni kalenda yao. Wewe una kalenda yako, ina siku ya kukusanya risechi, siku ya mitihani, siku ya bumu kutoka. Mfumo unabadilishwa pale kalenda mbili zinapokutana bila kumuumiza mtu, siyo pale rumimeti anapokucheka kwamba bado uko Windows 10. Na kama mashine mnaitumia wawili, au ni ya ofisi, au ya maabara ya shule, anayebonyeza "kubali" amuulize kwanza yule ambaye mabadiliko yatamgharimu zaidi. Mara nyingi ni yule ambaye hakuwepo chumbani wakati mnaamua.

Mimi nilikaribia kuipeleka mashine kwa fundi bila kumuuliza mwenye nusu ya hela. Niliona aibu, nakiri hadharani. Alipogundua kwamba naandika habari hii aliniambia nisisahau kusema kwamba mchango wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu kwa elfu kumi na tano. Haya, nimesema!

Ngoja niishie hapa, NVDA inanisomea kwa sauti kubwa kwamba zamu yangu imekwisha. Anayejua SSD zinapopatikana kwa bei poa mjini awaambie wenzake. Na wewe unayesoma hii bila nakala ya risechi yako, funga hapa, katafute flashi kwanza.

Mbukwenyi!